Mlo wa Tano

Mtoto wangu wa mwisho ana miaka sabini na mbili. Anaitwa Mzee Mbaruku, aliendesha malori ya mkonge kutoka Korogwe mpaka malori yalipoanza kujiendesha yenyewe, na kila Ijumaa baada ya swala hupita kwenye kituo chetu cha tiba kuniamkia. Akifika mlangoni huegemeza fimbo yake ukutani, makusudi, ili nione kwamba anaweza kusimama bila hiyo. Kisha huinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Nina miaka ishirini na tisa mimi. Siku ya kwanza nilitaka ardhi ipasuke nizame. Nikamjibu, "Marahaba, baba," naye akakataa katakata.

"Baba wa nani? Umenilea wewe. Jibu vizuri."

"Marahaba, mwanangu," nikasema huku natazama vidole vya miguu yangu, na wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakacheka mpaka muuguzi akatoka kuuliza kuna nini.

Sasa nimezoea. Ninao wanane wa namna hiyo hapa Tanga, na wote wananizidi umri isipokuwa mmoja. Sikukuu wanakuja nyumbani, huyu na khanga, yule na kuku, na mama yangu mzazi anawaita wajukuu bila hata kutabasamu. Aliyekuwa hawezi kujizuia ni mchumba wangu, Mhina. Alikuwa akimvizia Mzee Mbaruku barazani, anamshika bega.

"Mbaruku, jiandae. Nikishamuoa mama yako, mimi ndiye baba. Utanipigia viatu rangi."

"Nitakuchapa bakora kabla hujaoa," Mzee anamjibu, na wanaanza kufukuzana, yaani Mhina anajifanya anakimbia na Mzee anajifanya anafukuza.

Kwangu mimi Mhina alikuwa na salamu yake. Tangu posa ijibiwe hakuniita tena Mwantumu. Asubuhi akipita kwenda kazini ananipungia kutoka ng'ambo ya barabara: "Habari za asubuhi, bi harusi?" Majirani wote wa Ngamiani walishaijua salamu hiyo, na watoto wakaanza kuniita hivyo hivyo.

Tulikuwa hivyo, mpaka alipoanguka.

*

Mhina ni fundi wa nyaya kwenye treni ya waya inayopanda Lushoto. Siku hiyo kamba ya usalama ilimshika, lakini ilimshika vibaya, ikamkunja mgongo kama mtu anavyokunja kuni asizotaka kuzikata. Walimleta kwetu kwa sababu waliovunjika uti wa mgongo wote huletwa kwetu, na nilikuwa zamu. Uso wake ulikuwa mzima, hana hata mchubuko. Akanishika mkono.

"Mwantumu, miguu yangu imeletwa?"

Ilikuwa hapo hapo, imetokeza nje ya shuka. Nikamwambia imeletwa. Akafumba macho akasema haya, kana kwamba nimempa habari ya mzigo, na mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya jenereta.

Baada ya wiki moja Daktari Lyatuu akaniita maabara. Daktari Lyatuu ni mkuu wetu, mwanamke wa Machame, mrefu, hapendi maneno mengi isipokuwa yakiwa ya seli. Alikuwa amepanga visahani vinne karibu na hadubini.

"Nitakuambia kama ninavyoiambia familia yoyote," akasema. "Kaa."

Nikakaa.

"Seli shina za kukarabati neva tunaweza kuzitoa mahali pengi, na mahali unapozitoa ndipo panapoamua zitafanya nini. Hiki cha kwanza ni uboho wake, nimeuvuta kwenye mfupa wa nyonga. Ni zake mwenyewe, ni salama, haziasi. Lakini ni za mtu mzima, zimeshashika tabia zake. Zitapoza uvimbe, zitaokoa neva zilizobaki. Atakaa kitini mgongo umenyooka, mikono itakuwa na nguvu. Neva mpya hazitengenezi."

"Hatatembea."

"Hatatembea. Cha pili ni cha puani. Ndani kabisa ya pua kuna seli zinazojikarabati maisha yote, ndizo zinazotufanya tunuse. Nazo ni zake. Zinaweza kuvusha neva kwenye ufa mwembamba, nimeshawahi kuziona zikifanya hivyo. Ufa wa Mhina ni huu." Akanionyesha kidole gumba. "Cha tatu ni damu ya kitovu cha mtoto wa watu, imetoka kwenye hazina ya Moshi. Changa, zina nguvu, lakini ni ngeni. Atameza dawa za kuutuliza mwili usizifukuze mpaka siku atakayozikwa, na kila homa itakayopita mtaani itaingia kwake kwanza."

Cha nne nilikijua bila kuambiwa, maana hiyo ndiyo kazi inayoniweka mjini. Unachukua ngozi ya mkono wa mtu, ukubwa wa punje ya mchele, unazirudisha seli zake nyuma mpaka zinasahau kwamba ziliwahi kuwa ngozi. Zinakuwa changa kabisa. Ukizilea vizuri unazifundisha kuwa neva. Ukizilea vibaya zinakuwa uvimbe.

"Kama angekuwa mwanangu," akasema Daktari Lyatuu, "ningechukua cha nne."

"Na nani atazilea?"

Akakisogeza kisahani cha nne karibu yangu.

Seli hazili, zinakunywa. Kuna majimaji ya kiwandani ambayo sisi walezi tunayaita maziwa ya kopo. Seli zikiyanywa zinanenepa, kisha ukizipeleka mgongoni zinakaa tu, au zinavimba. Kinachozilea zikaleleka ni maji ya damu ya mwanamke, yaliyochujwa asubuhi hiyo hiyo. Ya wanaume yalishajaribiwa, na seli zikabaki kama uji uliokosa moto. Kwa hiyo mlezi anatoa damu, mashine inachuja, na yeye mwenyewe ananyonyesha kisahani kwa mkono, tone kwa tone. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na mwana wangu mimi hukaa kwenye kabati la joto.

Lakini si damu ya kila mlezi inayokubaliwa na seli za kila mgonjwa. Hidaya, mwenzangu, alikuwa mjamzito na ameshasimamishwa kutoa. Ya Bi Sofia, mlezi mwingine, ilijaribiwa, seli zikajikunja. Mama mzazi wa Mhina, Bi Zaina, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, lakini damu yake ina sukari na seli zilizama chini ya kisahani kama mchanga. Shangazi zake wawili walikuja kutoka Muheza, wakapimwa, wakarudi.

"Yako nimeipima jana kutoka kwenye akiba," akasema Daktari Lyatuu. "Sikukuuliza, unisamehe. Njoo utazame."

Nikainama kwenye hadubini. Zilikuwa zimetoa mikia. Mikia myembamba, mirefu, inatafutana kama watoto wanaocheza kitambaa cha macho. Sijawahi kuona seli zikikubali damu yangu namna ile. Nilifurahi, naapa, nilifurahi kwa muda wa kuinua kichwa kutoka kwenye hadubini mpaka kumtazama Daktari usoni.

Hapo ndipo nilipokumbuka mimi ni nani kwake.

*

Mtu mzima akinywa maziwa ya mwanamke hawi mwanawe, hilo kila mtu wa kwetu analijua. Anayekuwa mwana ni mtoto mchanga, ambaye hajatimiza miaka miwili, aliyenyonya akashiba mara tano. Mtoto huyo ni wako kama uliyemzaa, huwezi kuolewa naye, na wanao ni ndugu zake. Ni jambo la zamani na halikuwa na utata, mpaka zilipokuja kazi kama yetu. Kijana mmoja wa Pongwe alipotaka kumuoa mlezi wake, mji uligawanyika pande mbili, watu wakanuniana misikitini na sokoni. Ndipo Baraza la Nasaba likakaa na kuuliza: aliyenyonya ni nani, mtu au seli? Na kama ni seli, ina umri gani?

Wakaamua. Seli za uboho zina umri wa mwenyewe, hata za puani, kwa hiyo ukizinyonyesha hujamnyonyesha mtu. Za kitovu ni mtoto mchanga. Na ngozi iliyorudishwa utotoni ni mtoto mchanga. Zikishiba mara tano kutoka kwa damu ya mwanamke mmoja, zikawekwa mgongoni mwa mtu zikawa mwili wake, basi mtu huyo ni mwana wa mwanamke yule. Mimi sikuona tatizo lolote. Nilipata watoto wanane watu wazima wenye heshima zao, na kuku wa sikukuu.

"Kwetu Machame jambo hili halipo," Daktari Lyatuu akasema. "Mlee, atembee, mkaoane."

"Kwenu Machame, Daktari. Mimi naishi Ngamiani."

"Najua." Akafunika visahani. "Kovu linakaza mgongoni mwake. Likishakaza, hakuna seli itakayopenya, ya ngozi wala ya kitovu. Sikukimbizi, lakini kovu linakukimbiza."

*

Nilimweleza Mhina mimi mwenyewe, sikutaka alisikie kwa mtu. Kitanda kilikuwa kinamgeuza polepole ubavu wa kulia, kwa hiyo nikawa nazunguka nacho, nazungumza huku natembea kama mwendawazimu. Nilipomaliza alitazama miguu yake. Kisha akacheka.

"Kwa hiyo nikitembea, ninakuwa mdogo wake Mbaruku."

"Mhina, sitaki mzaha."

"Na yeye ndiye atakayenichapa bakora, maana kaka ana haki." Akaona sicheki, akaacha. "Wewe ndiye fundi hapa. Fanya unaloona linafaa."

"Mimi hapa si fundi. Mimi ni mchumba wako. Sema wewe unataka nini."

"Nakwambia wewe kwa sababu hiyo hiyo."

Tukakaa hivyo, kila mtu anamsukumia mwenzake, kama watu wawili mlangoni kila mmoja anasema pita wewe. Mwisho akasema, "Kwani ndoa inafungwa kwa kusimama? Shekhe atanikuta nimekaa. Wewe si utakuwa umekaa pia?"

Moyo wangu ukatulia. Nikatoka pale nimeshaamua uboho. Nikaanza hata kufikiria njia ya kiti kutoka barazani mpaka uani, wapi patawekwa saruji na kizingiti kipi kitang'olewa.

Bi Zaina alikuwa ukumbini, amekaa na kapu lake la chakula mapajani. Ni mwanamke mnyamavu, mfupi, anayependa kukutazama mikono wakati unazungumza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Amekwambia nini?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, kwa kuchoka.

"Jana ameniambia anataka kutembea. Amelia. Mhina hakulia hata baba yake alipokufa, jana amelia mpaka shuka likabadilishwa."

"Mimi ameniambia ataoa amekaa."

"Wewe anakuonea haya."

"Au wewe alikulilia tu kwa sababu wewe ni mama, mtu humlilia mama yake," nikasema, na nikaona nimemkosea adabu. "Samahani."

Hakukasirika. Alinishika mkono akautazama mshipa wa ndani ya kiwiko, ule wanaotolea damu. "Mimi sina la kukuambia, Mwantumu. Nikisema lea, nimekuvunjia ndoa kwa mdomo wangu. Nikisema acha, nimemvunja mwanangu mara ya pili. Damu yangu ingefaa, wala tusingefika hapa." Akauachia mkono wangu. "Mimi nilimzaa, na zimeikataa."

Nikarudi nyumbani sijui nishike lipi niache lipi. Nilikuwa nimetoka na jibu moja mkononi, nimefika na mawili, na yote yametoka kinywani mwa mtu mmoja.

*

Ijumaa Mzee Mbaruku akaja. Sikumpa nafasi ya salamu, nikamvuta nyuma ya jenereta.

"Wewe ulianza na uboho."

"Miaka miwili," akasema. "Kabla yako. Daktari wa wakati ule alikuwa hana kingine."

"Ilikuwaje?"

Alifikiri. Mzee huyu hapendi kuulizwa mambo ya zamani, anapenda kuulizwa mambo ya malori. "Maumivu yaliondoka. Nilikaa vizuri. Nikikaa barazani mgeni asingejua. Shida si kukaa, mama. Shida ni mambo mengine. Mwanangu alikuwa kazini mchana kutwa, kwa hiyo aliyekuwa ananibeba kwenda chooni ni mkewe. Mkwe wangu, unanielewa? Mkwe ananivua nguo. Kila asubuhi nilikuwa nasali nisihitaji choo."

Nilielewa. Nikaona niseme basi ameshanijibu, nikanyonyeshe zile za ngozi, yaishe.

"Lakini," akasema, na nikatamani anyamaze, "miaka ile miwili Mwanasha, mke wangu, alikuwa hai. Alikuwa haoni vizuri, hawezi kunibeba, lakini jioni anakaa kando yangu tunagombana. Nilipotembea, alikuwa ameshakufa. Nilitembea siku ya kwanza mpaka kaburini kwake. Sasa ukiniuliza miguu au Mwanasha, mama, sijui nitakujibu nini. Naogopa hata kuulizwa."

"Wewe ni mtu mzima, Mzee. Nimekuita unisaidie."

"Na mimi ni mwanao," akasema. "Mwana hamwamulii mama."

*

Nikafanya jambo ambalo mtu aliyechanganyikiwa hulifanya, nikaanza huku sijaamua. Mlo mmoja haufungi kitu, wala miwili, wala minne. Nilimwambia Daktari Lyatuu aandae uboho na ngozi sambamba, na mimi nitanyonyesha ngozi mpaka mlo wa nne. Labda minne itatosha. Labda baada ya hapo zitakuwa zimepata akili na zitaendelea na maziwa ya kopo.

"Sijawahi kujaribu," akasema.

"Tujaribu."

Kila asubuhi nilitoa damu, nikangoja mashine ichuje, nikafungua kabati la joto nikakaa na Mhina kwenye kisahani. Nitalisema hili wazi kwa sababu linaniuma: siku ya pili niliomba zife. Zikifa zenyewe, hakuna aliyeamua. Niliinama kwenye hadubini natafuta kifo, na zilikuwa zimeshikana mikia mpaka zimefanya kama wavu. Siku ya tatu niliona wavu ule ukitetemeka wote kwa pamoja. Daktari Lyatuu akasema zimeanza kupelekeana umeme. Ninazipenda, nikawaza, halafu nikashindwa kujua ninapenda nini hasa, maana mtu huyo huyo alikuwa chumba cha pili ananingoja nimpelekee chai.

Nilipomaliza kila mlo nilikwenda kumwambia. Salamu yake haikubadilika.

"Habari za asubuhi, bi harusi?"

"Mmoja," nikasema siku ya kwanza. Kesho yake, "Miwili." Naye anaitikia kwa kichwa tu, ananisifu kitambaa changu, anauliza kama kule Lushoto nguzo imeshatengenezwa. Siku ya nne nilimwambia, "Minne. Kesho zinapewa kopo." Safari hii hakunisifu kitambaa.

"Na kopo likishindwa?"

"Halitashindwa."

"Haya, bi harusi," akasema, na kitanda kikamgeuza akaelekea ukutani.

Kopo lilishindwa. Nilijua kabla ya kufika kwenye hadubini, kwa jinsi Daktari Lyatuu alivyokuwa amesimama. Seli zilikuwa zimenenepa. Mikia ilikuwa inarudi ndani, na pembeni, upande wa kushoto, kulikuwa na kijivimbe kidogo kama chunusi.

"Zikipata mlo wako asubuhi hii zitarudi," akasema. "Kile kijivimbe nitakikata. Zikilala tena na kopo, nitazimwaga na kumpa uboho. Kovu nalo limeshafika pabaya. Ni leo, Mwantumu."

Alinihurumia, nadhani, kwa sababu alifunga mlango.

"Nipe damu tu. Nitanyonyesha mimi. Nitaandika jina la Bi Sofia. Nani atajua?"

"Maziwa hata yakipitia kwenye kikombe, Daktari, ni ya aliyeyatoa."

"Mnajifunga wenyewe," akasema, na kwa mara ya kwanza nilisikia hasira kwenye sauti yake. "Mna kamba, mnajifunga, halafu mnanililia mimi nizifungue."

"Ndiyo," nikasema. "Na nitalala naye usiku nikijua. Mwili wangu utajua, hata asipojua mtu mwingine." Sijui hata kama alinielewa. Sikuwa nabishana naye, nilikuwa namwambia ukweli. Nikanyoosha mkono, akanitoa damu kimya kimya, mashine ikaanza kuchuja. Kutoa hakufungi kitu. Kinachofunga ni kunyonyesha, na mimi nilikuwa bado.

"Nakwenda kumuuliza," nikasema. "Mara ya mwisho. Atanijibu kwa kinywa chake, na litakalotoka ndilo hilo."

*

Njiani nilipanga maneno. Nitamwambia: Mhina, minne haikutosha. Usiniambie mimi fundi. Usiniletee mzaha wa Mbaruku. Niambie unataka miguu, au niambie unanitaka mimi, na lolote utakalosema sitakulaumu. Niliyarudia kama mtoto aliyetumwa dukani. Na nitasema kweli yote, nilikuwa nimeshajua ninachotaka aseme. Nilitaka aseme mimi. Nilikuwa tayari kumbeba maisha yake yote, chooni na popote, mimi si mkwe wake. Nilitaka alijue hilo kabla hajajibu.

Bi Zaina alikuwa ndani, anamfuta shingo kwa kitambaa cha maji. Aliponiona alisimama, akataka kutoka, Mhina akamshika ukingo wa baibui.

"Kaa, mama," akasema.

Anamwita nani, nikawaza, maana Mhina alikuwa ameshanitazama mimi. Alikuwa amenyolewa ndevu. Alikuwa amevaa kanzu, ile ya posa, imefunika ile miguu vizuri. Sijui alimsumbua nani amvalishe asubuhi yote ile. Nikafungua mdomo niseme habari za asubuhi, kwa sababu yeye ndiye huanza na alikuwa hajaanza.

Ndipo akainamisha kichwa, kadiri mtu aliyelala anavyoweza.

"Shikamoo, mama."

Hakuwa anatania. Namjua akitania, pembe ya mdomo huwa inamsaliti, na pembe ya mdomo ilikuwa imetulia. Bi Zaina aliacha kitambaa kikadondoka kwenye beseni. Mimi nilisimama pale na maneno yangu yote niliyoyapanga, hakuna hata moja lililokuwa na pa kwenda.

Nilimtafuta usoni. Nilitaka kuona kama amechagua miguu, kama alivyomlilia mama yake. Au kama amenichagulia mimi, nisije nikazeeka nikimbeba kwenda chooni, na akaona nisiposukumwa sitakwenda. Au kama alichoka tu kungoja mmoja wetu apite mlangoni. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, lakini maji hayasemi ni ya nini. Ningeweza kumuuliza. Nilikuwa bado na haki hiyo, mlo wa tano ulikuwa kwenye mashine. Lakini swali lile ni la mchumba, naye ameshaniamkia mbele ya mama yake mzazi, amevaa kanzu, na shikamoo ya mtu haiachwi ikaning'inia.

Safari hii sikutazama vidole vya miguu. Nilimtazama yeye.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Kisha nikarudi maabara nikaenda kumnyonyesha.